Boksi Lilelile, Kadi Nyingine

Wasomaji, poleni na kungoja. Juma lililopita niliwaacha nikiwa chini ya ngazi za bureau, ofisi yetu ya pale Nyawera, Bukavu. Nilikuwa nimemziba binti yangu Gloire mdomo kwa kiganja, na juu ya vichwa vyetu basoda, yaani askari, wanaburuta vitu. Maman mmoja wa Kadutu amefika hadi kwenye gazeti kulalamika: huyu Marcellin ni mwanaume gani, mbona hakukimbia? Maman, nikimbilie wapi? Ungenionyesha fasi, mahali pa kukimbilia, ningekimbia nikakupita.

Basi, wakaondoka. Walibeba kompyuta zote za Windows, televisheni ya salon, viti, mapazia, hata kopo la sukari la Maman Adélaïde, mhasibu wetu. Kwa sukari ile Adélaïde alilia kuliko kwa kompyuta.

Waliacha kompyuta moja tu, ile kuukuu iliyokuwa chini ya ngazi pamoja nasi, na skrini yake ndogo yenye ufa. Hiyo ndiyo seva yetu. Inatumia Linux, na ndiyo iliyokuwa inatuunganisha na internet. Waliacha pia antena juu ya paa, kwa sababu risasi zilikuwa zinapita na hakuna aliyetaka kupanda.

Ila waya wa antena waliuvuta. Walidhani ni waya wa kuuza. Mimi niko chini ya ngazi, naona waya unaondoka mbele ya macho yangu, halafu nasikia kak! ndani ya seva. Walipoona hauji, wakauacha unaning'inia. Lakini kadi ya réseau, yaani ya mtandao, ile ya sans fil isiyotumia waya, ilikuwa imeng'oka mdomo. Nililiona jambo lote na sikuweza hata kusema ah.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mke wangu Emérence alikuwa Goma, kwa dada yake Eulalie. Kesho yake asubuhi alikuwa apande boti arudi Bukavu. Simu zilikuwa zimekatika mji mzima. Na redio, tangu asubuhi, inaimba kwamba hali Bukavu ni shwari na boti zinafanya kazi. Shwari! Mimi nilikuwa naisikia hiyo shwari inagonga mabati.

Bandarini kwetu basoda walikuwa wanawangoja wanaoshuka. Waliyowafanyia wanawake wa boti ya mwisho sitayaandika, gazeti hili linasomwa na watoto.

Eulalie ni secrétaire katika bureau moja ya Goma yenye internet. Anasoma ujumbe mchana kutwa, jioni anafunga anakwenda nyumbani, na nyumbani hana kompyuta. Nikimfikishia neno kabla hajafunga, Emérence hapandi boti. Nisipomfikishia, anapanda. Kisa chote cha leo ni hicho.

Dish yetu ya satelaiti iko Nguba, kwenye nyumba ya wakubwa wetu kule kwenye peninsula. Sentinelle, mlinzi wa kule, anawasha groupe, ile jenereta, kila siku, vita au si vita, kwa kuwa aliambiwa awashe. Kutoka Nguba internet inaruka hewani hadi antena yetu ya Nyawera. Kuifuata kwa miguu haikuwezekana. Barabarani kulikuwa na barrière za basoda, na waliojaribu kupita asubuhi walirudi wamebebwa.

Kwa hiyo nilihitaji kadi. Kadi moja tu!

Nilipita nyuma ya nyumba za watu, ua hadi ua, nimeinama, mpaka kwa Télesphore. Huyu ndiye anayeuza vitu vya kompyuta karibu na soko, na analala nyuma ya duka lake. Nikagonga.

"Nani?"

"Ni miye, Marcellin. Papa Gloire."

"Leo kila mutu iko anajiita rafiki yangu. Unataka nini?"

"Kadi ya réseau, ile ya sans fil. Kama ile uliniuzishaka mwaka jana."

Nikamsikia anacheka nyuma ya mlango.

"Batu banatafuta unga, weye unatafuta kadi?"

"Télesphore, fungua! Mama Gloire atapanda boti kesho!"

Alifungua. Alipoelewa, hakucheka tena. Aliingia gizani akarudi na boksi. Nililishika kwa mikono miwili. Rangi ileile, picha ileile ya mzungu anayecheka, jina lilelile, namba ileile. Sisi wa Bukavu ndivyo tunavyonunua: unaangalia boksi. Boksi likifanana na lile la zamani, unabeba unakwenda.

"Ngapi?" nikauliza.

"Beba tu. Kesho bataiiba, afadhali ikuwe mu mukono yako."

Nilirudi mbio. Adélaïde alikuwa mlangoni na kifagio, sijui alitaka kumpiga nani nacho. Nikafungua seva, nikatoa kadi iliyokufa, nikapachika mpya, nikachubua waya wa antena na kuufunga. Nikaiwasha kwa batri ya gari ya directeur na kigeuzi chake cha umeme, ambavyo tulikuwa tumevificha kwenye choo.

Ikawaka. Nikaiuliza: una kadi? Ikanijibu kwamba inaona kitu, lakini haikijui.

Nikauliza tena, labda nimekosea herufi. Jibu lilelile.

Nikaitoa kadi, nikaisogeza dirishani. Nyuma yake, kwa maandishi madogo sana, kuna V na 2. Version deux. Yesu na Maria! Kiwanda kilikuwa kimebadilisha tumbo la kadi kikaacha jina, picha na namba ya boksi vilevile. Chip ya zamani Linux iliijua tangu kuzaliwa. Hii mpya ilitengenezwa na watu wengine kabisa, na Linux haikuwa na driver yake, yaani ile programu ndogo inayoiambia mashine namna ya kusema na kadi.

"Inasema nini?" Adélaïde akauliza.

"Inasema haiijui."

"Haiijui namna gani? Si kadi iko pale, miye naiona?"

"Weye unaiona. Linux inataka driver."

"Iko wapi hiyo driver?"

"Ku internet."

Adélaïde aliweka kifagio chini.

"Papa Gloire. Internet, si njo ile tunatafuta?"

"Njo ile."

"Donc, kusudi tupate internet, tupate kwanza internet."

"Njo vile."

"Na hii kazi uliisomea myaka ngapi?"

Nilikuwa na hasira na kila mtu: na kiwanda, na Télesphore, na wale Wabelgiji wafadhili waliotuambia tuweke Linux kwa sababu haipati virusi. Kweli haipati virusi. Siku ile Bukavu nzima hapakuwa na mtu aliyekuwa na shida ya virusi.

Gloire alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini anasuka nyuzi za pazia lililochanika. Ana miaka saba. Alinitazama tu. Nikachukua koti, nikatoka tena.

Safari hii risasi zilikuwa karibu. Nililala kwenye mfereji wa maji machafu mbele ya nyumba ya mtu, uso umeangalia ganda la ndizi, nikangoja. Nilipofika kwa Télesphore nilikuwa nanuka hata mimi mwenyewe najisikia.

"Ile haifai," nikamwambia. "Iko na tumbo ingine."

"Boksi si ni ileile?"

"Boksi ni ileile! Sitashika réseau na boksi!"

Alijikuna kichwa. Akapanda kwenye meza, akashusha mfuko wa plastiki wenye vumbi. Ndani yake kulikuwa na kadi moja isiyo na boksi.

"Hii iko ya bakubwa," akasema. "Ilitoka ku bureau moja ya bazungu. Balisema ni mbio sana."

Niliigeuza, nikasoma chip. Chip hiyo niliijua! Driver yake ilikuwa kwenye CD aliyonichomea rafiki yangu David, ingénieur, kabla hajahamia Kinshasa. CD ile aliijaza vitu vya Linux vya kila namna. Nilimkumbatia Télesphore na uchafu wangu wote, naye akanisukuma.

Tukaipachika. Tukatia CD ya David. Mistari ikapita kwenye skrini, mingi, halafu ikasimama, na taa ya kijani ikawaka nyuma ya seva.

"Iko hai!" nikapiga kelele. Adélaïde akafanya ishara ya msalaba akamwinua Gloire juu.

Nikaiambia isikilize hewa, initajie réseau zote inazozisikia. Ikasikiliza, ikasema: hakuna.

Nikairudia. Hakuna. Nikaichomoa kadi, nikaikagua upya mpaka pembeni, nikaiona herufi moja, ndogo, peke yake: a.

Wasomaji, nivumilieni kidogo, maana hapa ndipo nilipouawa. Hizi kadi za sans fil zina familia moja, kazini tunaiita huit cent deux point onze, yaani 802.11. Ndani ya familia kuna b, kuna g, kuna a. Ya b na ya g zinazungumza kwenye bande, yaani masafa, ya deux point quatre, gigahertz mbili nukta nne. Ya a inazungumza kwenye tano. Chombo chetu cha Nguba ni b. Antena yetu ya juu ya paa imekatwa kwa kipimo cha deux point quatre. Ni kama redio: kituo kiko FM, wewe umekaa kwenye ondes courtes, masafa mafupi, unazungusha kibonye mpaka kidole kinachubuka. Hutakipata.

Kwa hiyo nilikuwa na kadi mbili. Moja ilikuwa kwenye bande sawa, haina driver. Nyingine ilikuwa na driver, bande si yake. Niliketi sakafuni katikati yake.

"Papa, inasema?" Gloire akauliza.

"Inasema, mama. Lakini hakuna mwenye kuisikia."

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka upande wa Walungu. Nilimwona Emérence anafunga sanduku lake huko Goma, anaweka zile sambaza kavu, samaki wadogo wa ziwani, alizoahidi kuniletea. Nililia. Ndiyo, maman wa Kadutu, nililia mbele ya mtoto, uandike na hiyo.

Adélaïde aliniacha nilie. Kisha akachukua lile boksi la Télesphore, akalitikisa, ikadondoka CD ndogo.

"Na hii?"

"Hiyo ni ya Windows."

"Ni nini ndani?"

"Ni driver. Lakini ya Windows, Maman Adé. Ni kama kumupa mutu dawa ya ng'ombe."

"Miye mu vita ya kwanza nilikunywaka dawa ya ng'ombe. Si niko hapa?"

Nilitaka kumkemea. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ndipo nikakumbuka kwamba David aliwahi kunieleza juu ya programu moja inayoifunika driver ya Windows kama nguo, mpaka Linux inaikubali. Siku ile nilimcheka. Linux ijifanye Windows? Nilimwambia hiyo ni aibu. Lakini David alikuwa mtu wa kuchoma kila kitu, na nilipotafuta kwenye CD yake, programu ile ilikuwemo.

Nikarudisha kadi ya kwanza. Nikaiamuru seva ijenge programu ile. Mashine kuukuu haina haraka na shida za watu. Ilijenga kidogo, ikapumzika, ikajenga. Batri ya directeur ilikuwa inalia piip, piip. Adélaïde alisali rozari kwa sauti ya chini, nami nikawa naitikia katikati ya amri za kompyuta.

Ilimaliza. Nikampa Linux ile dawa ya ng'ombe.

Taa ikawaka. Nikaiambia isikilize hewa. Ikasikiliza kwa muda, halafu jina moja likatokea kwenye skrini: NGUBA.

Hatukupiga kelele safari hii. Tulikuwa tumejifunza.

Jina lilikuja, likapotea, likarudi, likapotea. Ishara ilikuwa dhaifu mno. Nikaelewa: basoda walipovuta waya walikuwa wameigeuza antena. Lazima mtu apande juu ya paa akairudishe, na mtu huyo hakuwa Adélaïde wala Gloire.

Nikapanda. Mabati bado yalikuwa na joto. Antena ilikuwa imeinama inaangalia kiwanja cha jirani. Nikaishika, nikaanza kuisogeza pole pole kuelekea Nguba, na Adélaïde akavuta skrini hadi dirishani kunisomea nguvu ya ishara kwa namba za Kifaransa.

"Douze!" akapiga kelele. "Dix-huit! Vingt-cinq! Ah, imeshuka, rudisha! Vingt-huit! Trente!"

"Na sasa?"

"Trente-six! Quarante!"

"Kita!"

Hiyo haikuwa sauti ya Adélaïde. Ni Kilingala, maana yake shuka. Chini kulikuwa na soda mmoja, bunduki ameielekeza kwenye tumbo langu. Wa upande gani sikumuuliza.

Nikashuka na mikono juu, jambo gumu sana kwa ngazi ya mbao.

"Ile chuma inaangalia wapi?"

"Nguba, chef."

"Na nyuma ya Nguba kuna nini?"

"Kuna mayi, chef."

"Na nyuma ya mayi?"

Nyuma ya maji ni Rwanda, kila mtoto wa Bukavu anajua, na si mimi niliyeiweka pale.

"Na ule mwanamuke," akasema, "hesabu ya nini? Quarante, trente-six. Muko munaita mabombe? Munabaonyesha fasi ya kutupa?"

Hapo ndipo nilipoelewa tulionekanaje. Mwanaume juu ya paa anageuza chuma kuelekea ng'ambo, mwanamke chini anapiga kelele za namba. Hata mimi ningetupiga risasi. Nilitaka kumweleza, lakini ungeanzia wapi, kwenye a au kwenye b?

Adélaïde alitoka mwenyewe, amefunga kitenge kiunoni.

"Mabombe gani, mutoto yangu? Ni télévision! Huyu papa iko mugonjwa ya mpira. Batu banakufa, yeye anatafuta match! Namusomea image inakuja ngapi, ndiyo hiyo hesabu."

"Télévision iko wapi?"

"Si benzako baliibeba asubuhi!"

Soda akamtazama. Akanitazama mimi. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashusha bunduki.

"Anatafuta image, na télé hana!"

"Njo vile, chef," nikasema. "Ni ujinga tu."

"Bon. Mais antena ya Mukongomani haiangaliake Rwanda. Panda. Igeuze iangalie Kinshasa."

Nikapanda. Nikaigeuza antena iangalie Kinshasa, nyuzi zote za ishara zikakatika, na yule soda akaketi chini ya ukuta wetu kuvuta sigara. Alivuta ya kwanza. Akawasha ya pili. Mimi niko juu ya mabati, jua linashuka, Eulalie anapanga karatasi zake huko Goma, na sina cha kufanya isipokuwa kuangalia moshi wa mtu. Nawaambieni, risasi sikuziogopa kama nilivyoiogopa ile sigara ya pili.

Alipoondoka nikaiangalia pembe ya barabara mpaka ikammeza. Nikaigeuza antena tena. Safari hii Adélaïde hakupiga kelele. Alisimama nyuma ya kioo na kanga ya Gloire. Ishara ikipanda, anainua. Ikishuka, anashusha. Mkono wake ulipofika juu ya kichwa na kubaki pale, nikafunga antena kwa mkanda wa suruali yangu, nikashuka nimeshika kiuno.

Tulikuwa ndani ya internet.

Nikaketi kuandika. Vidole vilikuwa vinakimbia: Eulalie, mushike Emérence, asipande boti. Redio inadanganya. Mji unaporwa, bandarini wanawake wanatendewa vibaya. Asije hata kidogo.

Nikasimama hapo. Sasa kuna jambo moja. Emérence alipoondoka kwenda Goma tulikubaliana nimpeleke Gloire Walungu kwa koko yake, mama yangu, hadi atakaporudi. Siku niliyomfungia mtoto mfuko wake, minibus zilikuwa zimeacha kwenda. Kwa hiyo Gloire alibaki nami, na Emérence hakuwa anajua. Moyoni mwake, mtoto yuko Walungu anakula mihogo.

Nikaanza kuandika jina la Gloire. Adélaïde, aliyekuwa anasoma juu ya bega langu, akanishika mkono.

"Mutoto usimutaje."

"Juu ya nini?"

"Usimutaje tu."

"Maman Adé, Emérence ananijua. Miye naogopaka hata radi. Nikisema tu usikuje, atasema ni Marcellin na woga wake, redio imesema shwari. Lazima aone mambo ni ya kweli."

"Utamwambia akirudi kutoka Goma, wiki ijayo, uso kwa uso. Atakupiga, bon, akupige."

"Na akipanda boti kesho juu hakuamini? Nitamwambia nini Gloire?"

Batri ikalia piip, ndefu. Hatukuwa na muda wa kubishana. Adélaïde akaachia mkono wangu, akageukia ukuta.

Nikaandika: Emérence, mambo ni mabaya hata Gloire nilishindwa kumfikisha Walungu, tuko naye hapa bureau ya Nyawera, tunalala chini ya ngazi. Ndiyo ujue ni kweli. Usije.

Nikabonyeza. Ujumbe ukaondoka. Nilingoja mashine initukane tena, haikunitukana. Umeenda. Nyawera hadi Nguba, Nguba hadi juu kwenye satelaiti, satelaiti hadi Goma. Nilimbeba Gloire nikamzungusha, nikacheza rumba peke yangu suruali inaanguka. Adélaïde naye alicheka mwishowe, akafuta macho kwa kitenge. Mke wangu amepona! Na ni mimi, Marcellin mwoga, niliyemponya.

Jibu lilikuja haraka kuliko nilivyofikiri. Lilikuwa la Eulalie. Nanukuu kama lilivyokuwa, nimelisoma mara nyingi mno kulisahau.

"Marcellin, umefanya nini? Boti ya kesho ilifutwa tangu midi, saa sita mchana, moteur imekufa. Emérence alikuwa hapa bureau, ameketi pembeni yangu, ametulia, anasema basi atarudi juma lijalo. Nikamsomea ujumbe wako kwa sauti. Nilipofika ku jina la Gloire alisimama. Ameshuka ziwani, kuna papa moja mwenye hors-bord, boti ndogo ya moteur, anavusha watu hadi Bukavu wakati wa giza. Nilimshika nguo, ikachanika. Andika mara moja kwamba mtoto iko Walungu, kwamba ulikosea, andika lolote! Nitamkimbilia nayo, labda nitamkuta bado."

Mikono yangu, wasomaji. Sikuijua ni ya nani. Nikaandika: Gloire iko Walungu. Nilidanganya ili uniamini. Gloire iko Walungu kwa koko yake, Emérence, naapa mbele ya Mungu.

Nikabonyeza.

Skrini haikusogea. Nikabonyeza tena. Herufi zilikuwa pale pale, hazirudi wala haziendi. Dawa ya ng'ombe ilikuwa imeishinda Linux tumboni, mashine nzima imekauka, hata taa ya kijani imeganda. Nikaizima. Nikaiwasha. Batri ya directeur ikatoa piip moja fupi, halafu haikutoa kitu tena.

Nilibonyeza kile kibonye cha kuwasha mpaka Adélaïde akaja kunitoa kidole.

Nje kulikuwa kunaingia giza. Risasi zilikuwa zimehamia chini, upande wa ziwa. Gloire alitoka chini ya ngazi, akanivuta shati.

"Papa, maman alijibu?"

"Alijibu."

"Alisema nini?"

Nilimtafuta Adélaïde kwa macho anisaidie, naye alikuwa amefunika uso.

"Alisema anakuja," nikamwambia.

Mtoto akapiga makofi. Akakimbia kutafuta viatu vyake, akaketi kwenye ngazi kuvivaa, ili twende bandarini tukampokee mama yake.